Bushi za Kingpini za Lori la Chama

MANENO YA KUJIFUNZA

Soma maneno haya kwanza. Yasome kwa sauti, kisha yaandike katika daftari lako.

Eksili: chuma kinene kinacholala chini ya gari kutoka gurudumu la kulia mpaka la kushoto.
Stabu: kipande cha chuma kinachobeba gurudumu la mbele na kugeuka nalo. Kina masikio mawili, moja juu na moja chini.
Kingpini: pini nene ya chuma kigumu inayounganisha eksili na stabu.
Bushi: bomba fupi linaloingizwa ndani ya sikio la stabu. Kingpini hupita ndani yake.
Nipoli: chuchu ndogo ya chuma ya kuingizia grisi.
Rima: chombo chenye meno marefu cha kupanua tundu kidogo kidogo.
Kulika: kupungua kwa kusuguliwa.

1. GURUDUMU LINAVYOGEUKA

Ndugu mwanakisomo, utazame mlango wa nyumba yako. Mlango umeshikwa na bawaba. Ndani ya bawaba mna pini. Ukiusukuma mlango, unazunguka katika pini hiyo. Pini ikilika, mlango hulegea. Huanza kuburuza sakafu, na kufuli halikutani tena na tundu lake.

Gurudumu la mbele la lori limeshikwa hivyo hivyo. Kingpini ni pini ya bawaba. Stabu ni mlango. Eksili ni mwimo. Dereva akizungusha usukani, stabu inazunguka katika kingpini, na gurudumu linakata kona.

Lakini kuna tofauti. Mlango haubebi mzigo. Kingpini hupokea vishindo vyote vya mashimo na mawe ya barabarani, na gari limejaa pamba au mahindi. Kwa sababu hiyo watengenezaji waliweka bushi. Kingpini ni ya chuma kigumu. Bushi nyingi za magari ya zamani ni za shaba iliyochanganywa na madini mengine, nayo ni laini kuliko chuma cha kingpini. Vitu viwili vikisuguana, kile kilicho laini hulika zaidi. Bushi imewekwa ili ilike yenyewe, na stabu ambayo ni ghali ibaki nzima. Bushi ikilika hubadilishwa.

Magari mengi ya zamani yana kingpini. Malori ya Bedford yalianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1931, na yale ya aina ya TJ yalianza mwaka 1958. Mengi yaliletwa Afrika Mashariki. Yana eksili nzima ya mbele na kingpini mbili, moja kila upande. Volkswagen ndogo, zile zenye umbo la mgongo wa kobe, nazo zilitumia kingpini mpaka mwaka 1965. Baadaye zilitumia maungio ya namna nyingine. Malori makubwa ya leo bado yana kingpini. Kwa hiyo somo hili si la magari ya kale peke yake.

2. KIKAO CHA CHAMA

Tuchukue mfano wa chama kimoja cha ushirika. Chama hicho kina Bedford ya zamani. Lori hilo hupeleka pamba kwenye kinu cha kuchambua. Likirudi huleta mbolea, saruji na bidhaa za duka la kijiji. Siku moja, wakati wa mavuno, dereva alikataa kuliondoa lori. Mwenyekiti aliitisha kikao chini ya mwembe.

Mwenyekiti: Ndugu zangu, pamba imejaa ghalani. Mawingu yanakusanyika, na ghala linavuja. Dereva anasema gari haliendi. Hebu tueleze, ndugu dereva.

Dereva: Ndugu Mwenyekiti, gurudumu la kushoto linatetemeka. Nikifika mwendo wa kilomita arobaini kwa saa, usukani unanipiga mikono. Nikishika njia, gari linataka kwenda kando. Tairi nalo limelika upande mmoja. Mkinilazimisha nitakwenda, lakini kule kwenye mteremko wa mto siwezi kuahidi kitu.

Mjumbe wa kwanza: Mimi nilikuwa utingo zamani. Tulikuwa tukikata bati la kopo, tunalizungushia kingpini, tunairudisha. Gari linakwenda. Kazi ya saa mbili tu.

Mjumbe wa pili: Tupige grisi nyingi, tupeleke pamba, tutengeneze baada ya mavuno.

Mwenyekiti: Mzee fundi, wewe unasemaje?

Fundi: Wanangu, grisi hairudishi chuma kilicholika. Na bati la kopo ni jembamba, tena halina mahali pa kupitisha grisi. Litakaa siku chache, kisha litapasuka vipande vipande. Vipande hivyo vitaikwaruza kingpini na kuziba njia ya grisi. Mtakuwa mmeharibu kingpini na stabu pamoja. Kisha kumbukeni jambo moja. Lori hili halirudi bila watu. Akina mama wanaokwenda hospitali wanapanda humu.

Kikao kilinyamaza kidogo. Kisha mjumbe mmoja akasimama kwa hasira.

Mjumbe wa tatu: Mimi nataka kujua kitu kimoja. Bushi hulika gari lisipotiwa grisi. Nani anatia grisi? Kama dereva ni mvivu, kwa nini chama kilipe?

Dereva: Nilitia! Kila Jumamosi nilitia. Mungu ni shahidi.

Mama mweka hazina alikuwa amekaa mbele. Yeye alianza kusoma katika darasa la kisomo miaka miwili kabla. Aliomba kadi ya gari. Akaifungua, akaisoma polepole, mstari baada ya mstari.

Mweka hazina: Ndugu Mwenyekiti, kadi hii ina mahali pa kuandika tarehe, kilomita na kazi iliyofanywa. Mstari wa mwisho uliandikwa miezi minne iliyopita. Baada ya hapo hakuna kitu. Kadi haisemi kwamba dereva hakutia grisi. Wala haisemi kwamba alitia. Haisemi lolote. Mimi naona gari lifunguliwe, tuone kwa macho, ndipo tuhukumu.

Kikao kilikubali. Chama kilikodi lori la jirani kwa safari moja ya pamba. Bedford ililetwa chini ya mti, na mzee fundi akaanza kazi.

3. KUPIMA KABLA YA KUFUNGUA

Fundi mzuri hafungui gari kwa kubahatisha. Hupima kwanza.

Gari lisimame mahali tambarare na pagumu. Funga breki ya mkono. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Inua eksili ya mbele kwa jeki mpaka gurudumu liache ardhi. Kisha weka stendi ya chuma au magogo mapana ya mti mgumu chini ya eksili.

Angalia sana! Usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Jeki huteleza. Usitumie matofali wala mawe yaliyopangwa, maana hupasuka ghafla.

Shika tairi kwa mkono mmoja juu na mwingine chini. Vuta juu, sukuma chini. Kisha geuza: sukuma juu, vuta chini. Gurudumu likicheza, kuna kilicholegea. Lakini ni kipi? Huenda ni bushi za kingpini, huenda ni beringi za gurudumu.

Mwambie mwenzako akanyage breki na kuishikilia. Tikisa tena. Breki ikikanyagwa, gurudumu hushikamana na stabu. Kama sasa halichezi, ubovu uko kwenye beringi za gurudumu. Kama bado linacheza, ubovu uko kwenye kingpini na bushi zake. Mulika kwa tochi mahali eksili inapokutana na stabu. Utaona stabu inasogea wakati eksili imetulia.

Katika lori la chama, gurudumu la kushoto lilicheza sana, hata breki ilipokanyagwa. La kulia lilicheza kidogo. Fundi alisema pande zote mbili zibadilishwe. Upande mmoja ukiwa mpya na mwingine mkuukuu, usukani hautatulia.

4. KUFUNGUA

Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Usiruke hata moja.

Hatua ya 1. Toa gurudumu, kisha ngoma ya breki na beringi zake. Weka beringi katika karai safi. Za kulia zisichanganyike na za kushoto. Usipulize vumbi la breki kwa mdomo wala kwa upepo. Breki za magari ya zamani huenda zina asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Lilowanishe kwa maji, ulifute kwa kitambaa, ukifunge kitambaa hicho katika mfuko na kukitupa.

Hatua ya 2. Fungua sahani ya breki kutoka kwenye stabu. Ifunge kwa waya kwenye springi ya gari. Usiiache ining'inie kwa mpira wa breki. Mpira ukivutwa hupasuka ndani, na wewe hutaona.

Hatua ya 3. Ondoa fimbo ya usukani iliyoshikamana na mkono wa stabu. Kwanza ng'oa ile pini ya miguu miwili inayozuia nati.

Hatua ya 4. Tafuta pini ya kabari. Hii ni pini ndogo inayopita ubavuni mwa eksili na kuishika kingpini isizunguke. Legeza nati yake mpaka iwe sawa na ncha ya pini, ili nyuzi zisiharibike. Gonga. Pini ikilegea, toa nati na uivute nje yote. Vijana wengi husahau pini hii. Wanapiga kingpini kwa nyundo kubwa tangu asubuhi mpaka jioni, nayo haiendi. Haiwezi kwenda, imefungwa.

Hatua ya 5. Ng'oa vifuniko vya juu na chini, na utoe nipoli. Vaa miwani ya kukinga macho. Weka kipande cha shaba juu ya kingpini ndipo upige. Usipige kingpini kwa nyundo moja kwa moja. Chuma kigumu kikipigwa kwa chuma kigumu hurusha vipande, na kipande kidogo kinaweza kupofusha jicho. Kama kingpini imeshikwa na kutu, tia mafuta ya kulainisha kutu, uache usiku kucha.

Hatua ya 6. Kingpini ikitoka, shika stabu kwa mikono miwili, maana ni nzito. Kati ya eksili na sikio la chini utaona beringi bapa. Hiyo ndiyo inayobeba uzito wa gari wakati gurudumu linageuka. Kati ya eksili na sikio la juu utaona washa nyembamba. Zihesabu. Andika idadi yake na upande ilikotoka. Tazama pia beringi ililala vipi, upande gani ulikuwa juu, uandike.

Hapo ndugu mwanakisomo unaona kazi ya kalamu. Kichwa husahau, karatasi haisahau.

5. KILICHOONEKANA

Mzee fundi aliosha vyombo vyote kwa mafuta ya taa, mbali na moto. Kisha aliwaita wajumbe waje waone.

Bushi ya juu ya upande wa kushoto ilikuwa imelika kiasi. Ilikuwa na grisi. Bushi ya chini ilikuwa imelika vibaya sana, upande mmoja umebaki mwembamba kama jani. Ndani yake hamkuwa na grisi hata kidogo. Mlikuwa na kutu nyekundu na vumbi.

Fundi alichukua waya mwembamba, akauingiza katika tundu la nipoli ya chini. Waya uliingia kidogo ukagota.

"Tazameni," alisema. "Bushi ina tundu dogo la kupitishia grisi. Tundu hilo linatakiwa kulingana na tundu la nipoli. Aliyeweka bushi hii zamani hakulinganisha. Tundu la bushi liko upande mwingine. Dereva alipopiga grisi, iligonga ukuta wa bushi, ikarudi nje. Hata angetia kila siku, isingeingia."

Dereva alisema, "Nilikuwa nikiona grisi inatoka pembeni mwa nipoli. Nilidhani imeshiba."

Yule mjumbe wa tatu alimpa dereva mkono mbele ya wote. Alisema, "Ndugu, nilikukosea." Dereva alipokea mkono wake.

Tukumbuke jambo hili. Grisi ikiingia vizuri, utaiona ikitokeza kwenye kiungo, pale eksili inapokutana na stabu. Ikitoka pembeni mwa nipoli, haikuingia. Huenda nipoli imeziba. Huenda tundu la bushi halikulingana.

6. KUTOA BUSHI NA KUWEKA MPYA

Kabla ya kununua bushi, kagua vitu viwili. Kwanza, ingiza kingpini mpya katika tundu la eksili. Lazima ibane. Ikicheza humo, eksili yenyewe imelika, na bushi mpya hazitasaidia. Peleka eksili kwenye karakana yenye mashine. Pili, tazama stabu kwa tochi, hasa kwenye pembe zake. Ukiona ufa hata mdogo kama unywele, stabu hiyo isirudi barabarani. Usikubali ichomelewe.

Kutoa bushi ya zamani. Tafuta vipande viwili vya bomba la chuma. Kimoja kiwe chembamba kidogo kuliko bushi. Hiki kitaisukuma. Cha pili kiwe kipana kuliko bushi. Hiki kitaipokea upande wa pili. Vipange pamoja na sikio la stabu katika jiliwa kubwa, kisha kaza jiliwa polepole. Bushi itatoka ikiwa imenyooka. Ikikataa, ikate kwa urefu kwa msumeno wa chuma kutoka ndani, lakini acha kabla meno hayajagusa stabu.

Kuingiza bushi mpya. Safisha tundu. Tazama tundu la grisi la bushi, kisha chora mstari kwa penseli kutoka tundu hilo mpaka ukingoni. Chora mstari mwingine kwenye stabu, sawa na tundu la nipoli. Mistari hii miwili ikutane. Paka mafuta kidogo. Sukuma bushi kwa jiliwa au kwa presi. Ianze kwa kunyooka. Ikianza kwa kupinda, itoe uanze upya. Usiipige kwa nyundo, maana ukingo wake utakunjika. Ikifika mahali pake, pitisha waya katika tundu la nipoli. Waya ufike mpaka ndani bila kugota.

Kuchonga kwa rima. Bushi ikishabanwa ndani ya stabu, tundu lake husinyaa kidogo. Mara nyingi kingpini haiingii. Hapo rima inahitajika. Iwe rima ndefu inayopita bushi ya juu na ya chini kwa pamoja, ili matundu mawili yawe katika mstari mmoja. Rima fupi huchonga kila tundu kivyake, na kingpini itabana. Izungushe kulia tu. Usiirudishe kinyume, hata wakati wa kuitoa, maana meno yake yatakuwa butu. Chonga kidogo, safisha, jaribu kingpini. Chonga tena kidogo, safisha, jaribu tena. Ukishapanua mno, huwezi kurudisha. Utanunua bushi nyingine.

Utajuaje kwamba inatosha? Paka kingpini mafuta mepesi. Isukume kwa mkono. Iingie kwa kusukumwa, isianguke yenyewe, na isicheze ukiitikisa. Uwazi unaotakiwa ni mdogo sana. Kwa kawaida ni kama sehemu 2 mpaka 5 za milimita iliyogawanywa mara 100. Karatasi ya daftari lako ina unene wa karibu sehemu 10 kama hizo. Kwa hiyo uwazi huo ni nusu ya unene wa karatasi au chini yake. Sasa utaelewa kwa nini bati la kopo au tupa haviwezi kufanya kazi hii.

Seti nyingine za bushi huja zikiwa na kipimo tayari na hazichongwi. Soma karatasi iliyomo katika boksi kabla ya kushika rima. Kijiji kisicho na rima kipeleke stabu, bushi na kingpini pamoja kwenye karakana ya mjini. Ndivyo chama chetu kilivyofanya. Stabu mbili zilipelekwa kwa basi, zikarudi siku ya tatu.

7. KURUDISHA

Paka grisi safi katika bushi na kingpini. Inua stabu mahali pake. Weka beringi bapa chini ya eksili, ilale kama ulivyoandika wakati wa kufungua. Weka washa juu ya eksili. Ingiza kingpini ya upande huo. Kifyeko cha ubavuni mwake kielekee tundu la pini ya kabari. Ingiza pini ya kabari, igonge mpaka ikae, kaza nati.

Sasa pima uwazi kati ya eksili na sikio la juu. Tumia vijani vyembamba vya chuma vya kupimia. Isukume stabu juu kwa jeki ndogo ndipo upime. Uwazi ukizidi ule unaotajwa katika kitabu cha gari, ongeza washa. Ukipungua, punguza washa. Stabu igeuke kwa mkono kulia na kushoto bila kukwama popote.

Rudisha vifuniko na nipoli. Rudisha sahani ya breki, beringi, ngoma na fimbo ya usukani. Katika nati ya fimbo ya usukani weka pini mpya ya miguu miwili. Usirudishe ile ya zamani, wala usiweke msumari. Usukani wote unategemea nati hiyo.

Piga grisi gurudumu likiwa bado juu. Hapo uzito wa gari haukandamizi, na grisi hufika kila mahali. Piga mpaka itokeze kwenye kiungo, juu na chini. Futa inayozidi, isifike kwenye breki.

Mwisho, peleka gari likapimwe mwelekeo wa magurudumu ya mbele. Liendeshe tupu kwanza, polepole, na ujaribu breki mahali penye nafasi. Baada ya safari ya kwanza kaza tena nati za magurudumu.

Lori la chama lilijaribiwa hivyo. Dereva alipita mteremko wa mto akiwa peke yake, gari likiwa tupu. Alirudi akasema usukani umetulia. Kesho yake ndipo pamba ilipopakiwa.

8. KADI YA GRISI

Chama kilitoa uamuzi tena. Kadi ya gari itundikwe ukutani mwa ofisi. Kila grisi ikitiwa, iandikwe siku hiyo hiyo. Utingo hakuwa anajua kuandika. Aliandikishwa katika darasa la kisomo, na mpaka atakapoweza, mweka hazina ataandika mbele yake.

Mfano wa kadi:

Tarehe: 6 Juni. Kilomita: 48,200. Kazi: grisi kingpini kulia na kushoto, juu na chini. Imetokeza kwenye kiungo: ndiyo. Jina la aliyetia: ........

Kadi hii inalinda gari. Inamlinda pia mfanyakazi. Dereva aliyetia grisi na kuandika hana haja ya kuapa mbele ya kikao.

HESABU

1. Tuseme kitabu cha gari kinaagiza grisi kila kilomita 1,500. Grisi imetiwa kwenye kilomita 48,200. Itiwe tena kwenye kilomita ngapi?

2. Lori moja lina kingpini 2. Kila kingpini ina bushi 2 na nipoli 2. Lori lina bushi ngapi za kingpini? Lina nipoli ngapi za kingpini?

3. Tuseme seti ya kingpini na bushi ni shilingi 180,000, kuchonga kwa rima ni shilingi 60,000, na grisi ni shilingi 15,000. Jumla ni shilingi ngapi?

4. Tuseme matairi mawili mapya ni shilingi 900,000. Toa jumla uliyopata katika hesabu ya 3. Tofauti ni shilingi ngapi?

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kingpini na bawaba ya mlango zinafanana kwa jambo gani? Zinatofautiana kwa jambo gani?
2. Kwa nini breki hukanyagwa wakati wa kupima gurudumu?
3. Mjumbe wa kwanza alishauri bati la kopo. Kwa nini mzee fundi alikataa?
4. Dereva alitia grisi kila Jumamosi, na bado bushi ililika. Eleza sababu.
5. Kama mweka hazina asingesoma kadi, unadhani kikao kingemfanya nini dereva? Je, kingekuwa kimetenda haki?
6. Katika kijiji chako kuna mashine gani: mashine ya kusaga, pampu ya maji, trekta, pikipiki? Nani anaitia grisi au mafuta? Nani anaandika?

KAZI YA KUFANYA

Chora kadi ya kutunza mashine moja ya kijijini kwako. Iwe na tarehe, kazi iliyofanywa na jina la aliyeifanya. Mpelekee mtu anayeitumia mashine hiyo, umsomee, na mwandike pamoja mstari wa kwanza.